Shabaha ya senti tano na bili anayoachiwa mwenye shamba

KATIKA biashara yoyote kuna bei inayoandikwa kwenye kibandiko na kuna gharama isiyoandikwa popote. Bei hulipwa na mnunuzi pale dukani. Gharama nyingine zote humwendea mtu mwingine, mara nyingi mtu ambaye hakuwepo wakati wa kununua. Leo tutaitazama bidhaa moja ndogo mno, ambayo huko Marekani huuzwa kwa mamilioni kila mwaka, nayo ni shabaha ya kufanyia mazoezi ya bastola.

Msomaji anaweza kuuliza, shabaha za bastola zina uhusiano gani na kurasa za kilimo na biashara? Uhusiano upo, tena wa karibu. Nchini Marekani watu wengi hufanya mchezo huu mashambani, kwenye ardhi ya mkulima, nyuma ya tuta la udongo lililo karibu na malisho ya ng'ombe. Wanaowauzia vifaa ni wenye maduka madogo ya vijijini, yale yale yanayouza mbegu na waya wa uzio. Na mwisho wa siku, wapigaji wakishaondoka, kinachobaki kwenye udongo ni cha mwenye shamba.

Kwa hiyo tufanye hesabu. Shabaha rahisi ni rahisi kwa nani?

Kutoka njiwa hadi kigae

Historia ya shabaha ndogo imeanzia shambani. Katika karne ya 19, wapigaji wa Marekani na Ulaya walishindana kwa kulenga njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye visanduku. Hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa. Njiwa walikuwa ghali, wengine wakaona ni ukatili, ndipo wakaja na mipira ya kioo iliyorushwa hewani. Mipira hiyo ilileta tatizo ambalo mkulima yeyote angelitabiri: vipande vya kioo vilitapakaa shambani.

Mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, alipata hataza ya shabaha yenye umbo la kisahani cha udongo wa kuchoma. Kilikuwa kigumu kupita kiasi, risasi nyingine zilikipiga kisivunjike. Waliofuata wakaacha udongo wa kuchoma, wakachanganya mawe ya chokaa yaliyosagwa na lami, ambayo ni kitu cheusi kinachobaki baada ya kuchemsha makaa ya mawe au mafuta ghafi. Jina la njiwa wa udongo likabaki ingawa udongo wenyewe haumo.

Kisahani hicho bado kipo. Kile cha kawaida cha Marekani kina kipenyo cha milimita 108 na uzito wa gramu 100 hivi, na takribani theluthi mbili zake ni mawe ya chokaa. Kilibuniwa kwa ajili ya bunduki za marisau, kirushwe hewani kwa mtambo. Lakini watu wa bastola nao wamekipenda. Hukisimamisha kwenye mteremko wa tuta la udongo, hatua 10 au 15 mbele yao, wakakilenga kikiwa kimetulia. Kina rangi ya chungwa inayoonekana vizuri, ni kidogo kama kiganja, na kikipigwa husambaratika papo hapo. Mpigaji hahitaji kutembea kwenda kuchungulia kama amepata au amekosa.

Kwa bei za miaka hii, kasha la visahani 90 hupatikana kwa Dola 10 hadi 20 za Marekani. Yaani kimoja ni kati ya senti 11 na 22.

Sahani, kadi na kopo

Hata hivyo njiwa wa udongo si shabaha ya bei ya chini kabisa. Wamarekani wengi hutumia vitu ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Cha kwanza ni sahani ya karatasi, ile ya kuliwa keki kwenye sherehe za watoto. Sahani ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 23 na ndogo yake sentimita 15. Ukinunua bunda kubwa, moja haizidi senti chache. Hubandikwa kwenye kipande cha boksi kwa pini, na tundu la risasi huonekana wazi kwenye weupe wake.

Cha pili ni kadi ngumu ya kuandikia kumbukumbu ofisini, yenye upana wa sentimita 7.6 na urefu wa sentimita 12.7. Hii ni shabaha ngumu kwa bastola hata kwa hatua 10. Inauzwa kwa mamia kwenye maduka ya vifaa vya shule.

Cha tatu ni karata za kuchezea. Annie Oakley, mpigaji maarufu kuliko wote katika historia ya Marekani, alijijengea jina kwa kuzitoboa karata mbele ya watazamaji. Mama huyu alizaliwa mwaka 1860 katika familia maskini ya wakulima kwenye wilaya ya Darke, Ohio. Alianza kupiga bunduki kwa sababu ya njaa, baba yake alipofariki akiwa bado mtoto. Aliwinda, akauza nyama kwa mwenye duka wa mji wa Greenville, naye akaipeleka kwenye hoteli za mjini. Inasimuliwa kwamba kwa fedha hizo alilipa deni la shamba la mama yake akiwa bado msichana. Mwaka 1885 akajiunga na maonyesho ya Buffalo Bill. Kwake risasi moja ilikuwa na thamani ya kitoweo, na hakuwa na ya kupoteza.

Cha nne ni makopo matupu, viazi vilivyooza, mayai viza na maboga. Kila mwisho wa Oktoba Wamarekani hupamba nyumba zao kwa maboga, na sikukuu ikipita maboga hayo hayana kazi. Mengine huliwa na nguruwe, mengine hugeuzwa mboji, na mengine huishia kuwa shabaha. Boga lililopigwa risasi, hata hivyo, lisirudi tena kwa nguruwe. Sababu tutaiona hapa chini.

Hesabu ya risasi mia moja

Sasa tuweke gharama mezani. Chukua mpigaji anayetumia bastola ya milimita 9, ambayo risasi yake kwa bei ya miaka ya karibuni huwa katika kiwango cha senti 30, ingawa wakati wa uhaba wa mwaka 2020 na 2021 bei ilipanda mara mbili, tatu na hata zaidi. Anaenda kufanya mazoezi na risasi 100 na sahani nne za karatasi za senti tano kila moja.

Risasi zitamgharimu Dola 30. Sahani zitamgharimu senti 20. Tukichukua, kwa urahisi wa hesabu, Dola moja kwa Shilingi 2,500 za Tanzania, ametumia Shilingi 75,000 kwa risasi na Shilingi 500 kwa shabaha. Shabaha haijafika hata asilimia moja ya matumizi yake.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, si kwenye bastola tu bali hata mashambani. Mtu huhangaika kupunguza gharama iliyo ndogo na kuiacha ile kubwa. Ni sawa na mkulima anayetembea kilomita tano kutafuta gunia tupu la bei nafuu, huku akimwaga mbolea ya bei mbaya bila kupima. Mpigaji akipunguza sahani mbili ameokoa senti 10. Akipunguza risasi 20 ameokoa Dola sita.

Na kinachomwezesha kupunguza risasi ni udogo wa shabaha. Karatasi kubwa kama mlango husamehe kila kosa, mtu akamwaga risasi 100 na kurudi nyumbani akijiona hodari. Kadi ya sentimita 7.6 haisamehi. Inamlazimisha kusimama vizuri, kupumua, kubonyeza kifyatulio polepole, na kujiuliza baada ya kila risasi. Risasi 40 za namna hiyo humfundisha zaidi ya 100 za fujo. Kwa hiyo faida ya kweli ya shabaha ndogo ni risasi inazookoa, na bei yake dukani ni jambo dogo.

Kuna jambo jingine la kiuchumi. Chini ya mpango wa Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, serikali ya Marekani hutoza kodi maalumu ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi. Bastola ziliongezwa baadaye kwa asilimia 10. Kodi hulipwa na mtengenezaji au mwagizaji, nayo hugawiwa kwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori na mafunzo ya wawindaji. Sheria nyingine ya mwaka 2019 imerahisisha majimbo kutumia sehemu ya fedha hizo kujenga viwanja vya shabaha. Kila risasi inayofyatuliwa imeshachangia kitu kwenye mfuko huo. Sahani ya karatasi na njiwa wa udongo havichangii chochote.

Chuma: ghali leo, rahisi kesho

Wapo wanaochoka kununua vitu vya kutupa. Hao hununua bamba la chuma kigumu, aina ile inayotumika kwenye vijiko vya tingatinga na mitambo ya migodini, na kulitundika kwa mnyororo. Likipigwa hulia kama kengele.

Tuseme bamba dogo la sentimita 15 limenunuliwa kwa Dola 30. Njiwa wa udongo wa senti 15 ataifikia bei hiyo akishavunjika mara 200. Mpigaji wa kila wiki anayevunja 20 kwa siku amerudisha fedha yake baada ya wiki 10, na bamba likiwa zuri litadumu miaka. Ni hesabu ile ile ya kununua jembe zuri badala ya kubadilisha mabovu kila msimu.

Lakini chuma kina masharti. Risasi ikigonga bamba hupasuka kuwa vumbi na vipande vinavyoruka pembeni. Watengenezaji huonya kwamba mpigaji wa bastola asikaribie chini ya mita tisa, miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyepo hata mtazamaji, na bamba lenye mashimo au lililopinda litupwe. Chuma laini cha fundi wa kijiji hakifai, kwa sababu hubonyea, na mbonyeo hurudisha kipande cha risasi kwa aliyeipiga.

Bili anayoachiwa mwenye shamba

Kufikia hapa hesabu imekuwa ya mpigaji. Sasa tumgeukie mwenye ardhi, ambaye hakuulizwa bei ya sahani wala ya njiwa.

Tuanze na nguruwe. Lami ya makaa ya mawe ni sumu kwa nguruwe, na kitabu chochote kizuri cha tiba ya mifugo kinaeleza habari hiyo. Nguruwe hufukua udongo kwa pua yake, akikuta vigae vya njiwa wa udongo huvitafuna, na sumu huliharibu ini. Mara nyingi mfugaji haoni dalili ndefu, anakuta mnyama amekufa. Kwa miongo mingi makasha ya shabaha hizi yamekuwa yakiandikwa onyo kuhusu nguruwe. Watengenezaji wengi wamehamia kwenye lami ya mafuta ghafi yenye sumu kidogo zaidi, na wengine wametoa shabaha zinazotumia utomvu wa miti badala ya lami. Lakini vigae vya zamani havivundi upesi, na nguruwe hasomi tarehe ya kutengenezwa.

Hata shabaha zinazotangazwa kuwa huoza zenyewe zinahitaji kuulizwa zimetengenezwa kwa nini. Zipo zilizotumia salfa. Salfa ikikaa kwenye udongo, vijidudu huigeuza kuwa tindikali, na udongo wenye tindikali nyingi, kama wakulima wa mahindi wanavyojua, hauoti kitu vizuri. Kibaya zaidi, tindikali huyeyusha madini mengine yaliyomo.

Hapo tunafika kwenye madini yenyewe. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka kwenye mtutu na kwa madini mazito yaliyo ndani yake. Lugha yetu imekumbuka jambo ambalo mpigaji husahau, kwamba kila anapofyatua anazika madini hayo shambani.

Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina kichwa cha gramu saba na nusu hivi, na sehemu kubwa yake ni madini ya risasi yaliyofunikwa shaba kwa juu. Mtu mmoja anayepiga 100 kwa wiki anapiga 5,200 kwa mwaka. Hizo ni karibu kilo 39 za vichwa, zaidi ya 30 kati yake zikiwa madini ya risasi. Wakiwa watu 10, shamba limepokea zaidi ya kilo 300 kwa mwaka mmoja, sawa na magunia matatu ya mahindi. Kwa miaka mitano ni tani moja na nusu, na yote imo ndani ya tuta moja.

Madini haya hayaozi. Yakikaa kwenye udongo mkavu usio na tindikali hutulia kwa muda mrefu. Yakikutana na tindikali na maji hutembea kuelekea kwenye kijito na kisima. Ng'ombe ni mnyama anayelamba na kumeza vitu ovyo, na ndama huathirika haraka. Kumbukumbu za madaktari wa mifugo zina visa vya ng'ombe waliodhurika kwa kula majani na sileji iliyovunwa kwenye mashamba yaliyo mbele ya viwanja vya shabaha. Mashine ya kuvunia iliokota risasi pamoja na majani, na tindikali ya sileji ikaifanya kazi iliyobaki.

Wakala wa Mazingira wa Marekani ulitoa mwongozo kwa wenye viwanja vya shabaha mwaka 2001 na kuurekebisha mwaka 2005. Ushauri wake mkulima ataufahamu mara moja: pima tindikali ya udongo, iwe kati ya 6.5 na 8.5, ikishuka ongeza chokaa, zuia maji ya mvua yasichukue udongo wa tuta, na baada ya kipindi fulani chekecha tuta, utoe madini, uyauze. Madini ya risasi yana soko la kudumu kwenye viwanda vya betri. Kwa hiyo tuta likisimamiwa ni kama ghala, na likiachwa ni sumu.

Na kuna shabaha moja ambayo hesabu yake haina mfano. Ni zile za kulipuka, zinazouzwa kwa ajili ya bunduki zenye kasi. Aprili 2017, katika jimbo la Arizona, mtu mmoja alipiga shabaha ya aina hiyo katika sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto aliyetarajiwa. Majani makavu yakashika moto. Moto huo, uliopewa jina la Sawmill, uliteketeza zaidi ya hekta 18,000, na mhusika aliamriwa kulipa zaidi ya Dola milioni nane. Sijui kama kuna kifaa cha sherehe kilichowahi kuwa ghali namna hiyo.

Sheria inayobadilika ukipokea senti

Mkulima wa Marekani anapoombwa ardhi ya kupigia shabaha ana njia mbili. Anaweza kuwaruhusu majirani bure, au anaweza kutoza ada.

Tuseme anatoza Dola 10 kwa kila mtu, na watu 10 wanakuja kila wiki. Kwa mwaka ni Dola 5,200. Kwa mwenye shamba dogo hizo ni fedha za kutamanisha, tena zinakuja bila kulima wala kupalilia.

Lakini majimbo yote 50 yana sheria zinazomkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu kustarehe kwake bila malipo. Mgeni akiumia, kwa kawaida mwenye ardhi hashtakiwi kwa uzembe wa kawaida. Akishapokea ada, kinga hiyo kwa kawaida huondoka. Ameacha kuwa jirani mwema na kuwa mfanyabiashara, na bima ya shamba mara nyingi haigusi biashara. Kwa maneno mengine, Dola ya kwanza anayopokea ndiyo ghali kuliko zote.

Sasa toa bima mpya kwenye zile Dola 5,200. Toa uzio wa kuwazuia ng'ombe, chokaa, na malisho uliyoyapoteza. Toa kazi ya kuchekecha tuta, na thamani ya ng'ombe mmoja akifa. Inawezekana bado ikabaki faida, na wapo wanaoipata kwa kupanga vizuri. Ila kinachobaki si kile kilichoonekana siku ya kupeana mikono.

Somo kwa mfanyabiashara mdogo

Mwenye duka naye ana la kujifunza, hata kama hatauza shabaha maisha yake yote.

Mosi, mteja hununua bastola mara moja, lakini hununua shabaha na risasi kila wiki. Bidhaa inayokwisha ndiyo inayomrudisha mteja dukani. Anayeuza pampu ya kunyunyizia dawa atamwona mkulima tena baada ya miaka, bali anayeuza dawa yenyewe, glavu na vipuri vya pampu atamwona kila msimu.

Pili, angalia kinachoongeza thamani. Sahani tupu ya karatasi ni senti tano. Kibandiko kilichotengenezwa maalumu, ambacho kikipigwa huonyesha duara la rangi ya kung'aa kuzunguka tundu, huweza kufika Dola nzima. Tofauti hiyo yote inalipiwa kitu kimoja tu, mteja kuona matokeo bila kutembea. Anayefungasha unga, asali au viungo ajiulize: mteja wangu anachoshwa na nini, ambacho nikimwondolea atanilipa zaidi?

Tatu, mshindani wako anaweza asiwe mwenzako wa fani. Mtengenezaji wa shabaha anashindana na muuza sahani za keki, ambaye hata hajui kwamba yumo kwenye biashara hiyo.

Kwetu je?

Bastola kwetu si kitu cha kwenda nacho porini kujifurahisha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria yake ya Silaha, na kote huko mtu hupaswa kuwa na kibali cha silaha yenyewe na kufuata masharti. Makala haya hayamwiti mtu yeyote kununua silaha.

Lakini mkulima wa kwetu naye huombwa kipande cha ardhi na watu wenye fedha mkononi. Huombwa mahali pa kuchimba mchanga, kuchoma matofali, kuweka karakana, au kuyeyushia betri chakavu. Madini ya betri za magari ni yale yale ya kwenye risasi za bastola.

Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa wanaijua hadithi hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya makazi yao, na madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, vumbi na damu za watoto. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda na kushuka kwenye rufaa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipowarudishia ushindi wao. Kwa miaka ile yote madini yaliyotoka huko yaliuzwa bila gharama hiyo kuhesabiwa kwenye bei. Tofauti ya bei ililipwa na Owino Uhuru.

Kwa upande wa neema, upo utomvu wa paini. Katika msitu wa Sao Hill, Mufindi, utomvu huo unagemwa, na duniani una matumizi kwenye gundi, rangi, sabuni na karatasi. Kila nchi inapokaza masharti dhidi ya lami na vitu vyenye sumu, bidhaa za miti kama hizi hupata nafasi. Anayegema au kukodisha msitu wake afuatilie soko hilo, asiuze kwa bei ya mtu ambaye hajui mzigo wake unakwenda kufanya nini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukodisha

Mtu akija kukuomba ardhi kwa shughuli usiyoizoea, iwe mchezo au kiwanda, usianze na swali la atakulipa kiasi gani. Anza na haya:

1. Shughuli hii itaacha nini kwenye udongo, na kitakaa miaka mingapi?

2. Nani atakiondoa, lini, na kwa fedha za nani? Iandikwe kwenye mkataba.

3. Je, ameweka dhamana ya kusafisha, au ameahidi kwa mdomo?

4. Maji ya mvua yakitoka hapo yanaelekea wapi? Kuna kisima, kijito au bwawa la kunyweshea?

5. Mifugo itazuiwa vipi, na majani ya hapo yatavunwa na nani?

6. Udongo umepimwa kabla hajaanza? Bila kipimo cha mwanzo hutaweza kumdai mtu mwishoni.

Mpigaji wa Marekani ana haki ya kufurahia mchezo wake, na shabaha ya senti tano ni ubunifu mzuri wa mtu anayejua kubana matumizi. Akiokota vigae vyake, akachekecha tuta na kulipia chokaa, mchezo wake bado ni nafuu, na mwenye shamba bado ana shamba. Asipofanya hivyo, senti zile tano zilikuwa malipo ya awali tu. Salio limeandikwa kwa jina la mwenye ardhi, na madini ya risasi hayana haraka ya kudai.